Nani Ana Kauli ya Mwisho Juu ya Skrini: Kadi Kongwe za Michoro, Michezo ya Akedi na Linux

Mtu akichomeka kadi ya Radeon 9250 ya mwaka 2004 kwenye kompyuta yenye Linux ya leo, akaiunganisha na skrini ya chogo (CRT) iliyotolewa kwenye kabati la mchezo wa sarafu, kisha akaona giza tupu au picha iliyochanika, hukumu ya haraka huwa moja: kadi imezeeka, itupwe. Mara nyingi kadi hiyo inaonewa. Saketi zake bado zinatoa ishara zilezile zilizotoa siku ilipotoka kiwandani. Kilichobadilika ni mamlaka. Kati ya mtumiaji, draiva, kerneli na mtengenezaji, mwenye kauli ya mwisho juu ya kasi ya kuchora picha si yuleyule wa zamani. Kauli hiyo imehama mikono mara kadhaa tangu miaka ya 1980, na kila ilipohama ilizaa aina yake ya hitilafu. Kwa hiyo anayetafuta ubovu wa kadi kama hiyo anahitaji kujua historia kabla ya kushika bisibisi, kwa sababu swali lenye manufaa ni hili: ruhusa ya kuchora kwa kasi ya akedi ilizuiwa katika tabaka gani, na tangu lini?

Chanzo cha tatizo kiko kwenye michezo yenyewe. Kufikia Space Invaders ya Taito mwaka 1978, watengenezaji wengi wa Japani na Marekani walijenga mashine zao juu ya teknolojia ya runinga: mwale wa elektroni unaopita kwenye kioo kutoka kushoto kwenda kulia, takriban mara 15,700 kwa sekunde. Lakini runinga ilibanwa na kanuni za utangazaji, ilhali kabati la mchezo lilijitosheleza; skrini yake haikupaswa kupokea ishara ya mtu mwingine yeyote. Kila mhandisi akachagua saa yake na kuigawanya alivyoona inafaa. Chukua bodi ya CPS-1 ya Capcom, iliyobeba Street Fighter II mwaka 1991. Saa yake ya pikseli hupiga mara 8,000,000 kwa sekunde. Kila mstari una nafasi 512, na zinazoonekana ni 384. Zilizobaki ni muda wa mwale kurudi ulikotoka. Kila picha ina mistari 262, na inayoonekana ni 224. Gawanya milioni nane kwa 512, kisha kwa 262, utapata picha 59.637 kwa sekunde. Sasa itazame R-Type ya Irem ya mwaka 1987. Saa ni ileile ya milioni nane, nafasi ni zilezile 512, ila mistari ni 284, na jibu linakuwa picha 55.018 kwa sekunde. Pac-Man ya Namco ya 1980 ina saa ya 6,144,000, nafasi 384 na mistari 264, nayo inatoa picha 60.606. Michezo mitatu, kasi tatu, na hakuna hata mmoja wenye 60 kamili.

Tofauti hizo zinaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini jicho na sikio haviwezi kudanganywa. Skrini ya kompyuta inayochora mara 60 kwa sekunde, ikipewa R-Type, italazimika kurudia picha tano hivi katika kila sekunde, na nyota za nyuma ya chombo zitatembea kwa kushtuka-shtuka. Emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya mchezo, ikiamua kufuata skrini badala ya mchezo, R-Type itakimbia kwa asilimia 9 zaidi ya ilivyokusudiwa, na anayeujua muziki wake atagundua ndani ya sekunde chache. Ndiyo maana wapenzi wa michezo hii hawatosheki na kadi yenye nguvu. MAME, emuleta ya michezo ya akedi, huichora picha kwa kichakataji kikuu cha kompyuta na kuikabidhi kadi ikiwa imekamilika, kwa hiyo kwa michezo ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 nguvu ya kadi haina kazi kubwa ya kufanya. Kinachotakiwa ni utii: kadi ikiambiwa megahezi 8, nafasi 512 na mistari 284, ifanye hivyo hasa.

Kompyuta binafsi ilianza katika ukoo huohuo. Kadi ya CGA ya IBM ya mwaka 1981 ilichora mistari kwa kasi ya runinga, kilohezi 15.7. Mpasuko ulikuja 1987, IBM ilipoleta VGA pamoja na kompyuta za PS/2 na kuongeza kasi ya mistari mara mbili, hadi kilohezi 31.5. Maandishi yakasomeka vizuri zaidi, nalo lilikuwa lengo halali la mashine ya ofisini. Tangu hapo skrini ya ofisi na skrini ya akedi hazikusikilizana tena. Hata hivyo, kasi mpya ilikuwa desturi tu, kwa kuwa ndani ya kadi kulikuwa na rejista ambazo programu yoyote ingeweza kuziandika upya. Nicola Salmoria, Mwitaliano, alipotoa toleo la kwanza la MAME mwezi Februari 1997, lilikuwa programu ya DOS, na DOS haikuweka mlinzi kati ya programu na kadi. Mwitaliano mwenzake, Andrea Mazzoleni, aliuona mwanya huo na kuujengea mradi mzima, AdvanceMAME, uliojibebea draiva zake za kadi na kuzipangia saa kulingana na mchezo uliochaguliwa, kwenye DOS na pia kwenye Linux.

Kwenye Linux ya miaka hiyo mamlaka yalikuwa mikononi mwa mtumiaji, tena kwa uwazi ambao leo unashangaza. Maktaba ya SVGAlib iliiruhusu programu yenye haki za mtumiaji mkuu kugusa rejista za kadi moja kwa moja. XFree86, programu iliyoendesha madirisha, ilisoma faili la usanidi ambamo mtu aliandika mwenyewe mstari wa modi. Kwa R-Type mstari huo unaweza kuwa na tarakimu 8.0, kisha 384 400 440 512, kisha 256 262 265 284. Tarakimu ya kwanza ni megahezi za saa. Nne zinazofuata zinaeleza upana: pikseli zinazoonekana, mahali ishara ya kurudi inapoanza, inapokoma, na jumla ya nafasi. Nne za mwisho zinaeleza kimo kwa mpango uleule. Aliyeuelewa mstari huo alikuwa na skrini yote mkononi. Aliyekosea angeweza kuiumiza, kwa sababu skrini nyingi za wakati huo hazikuwa na kinga dhidi ya kasi zisizoziweza, na nyaraka za XFree86 zilitoa onyo hilo bila kupepesa macho. Hatari hiyo tuikumbuke, maana ndiyo iliyowapa hoja waliokuja baadaye kuyahamisha mamlaka.

Kwa nini basi jina la Radeon linajirudia kila penye mazungumzo haya? Sababu ya kwanza ni ya kiufundi: kadi za ATI za enzi hiyo zilikubali saa za chini sana za pikseli kwenye tundu la analojia, na kampuni ya Uingereza ya Ultimarc iliuza kadi iliyoitwa ArcadeVGA, bodi ya ATI iliyobadilishiwa programu ya kuwashia ili itoe kilohezi 15 tangu sekunde ya kwanza. Sababu ya pili ni ya kihistoria, na kwangu ndiyo yenye uzito. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kituo cha runinga cha hali ya hewa cha Marekani, Weather Channel, kilifadhili uandishi wa draiva huria ya Radeon 8500, kwa sababu kilihitaji kadi hizo zifanye kazi kwenye mashine zake za Linux. Radeon 9250 iliyotajwa mwanzoni ni ya ukoo huo, na inatumia draiva hiyohiyo. AMD iliinunua ATI mwaka 2006, na Septemba 2007 ikaanza kutoa hadharani nyaraka za chipu zake. Mtu asiye mfanyakazi wa kampuni akaweza kusoma rejista ipi inapanga saa na ipi inapanga mistari.

Matunda ya hatua hiyo yanaonekana ukilinganisha mifumo miwili. Mwaka 2009 AMD iliacha kuzihudumia kadi za vizazi vya R300 hadi R500 katika draiva yake funge, Catalyst; toleo la 9.3 likawa la mwisho kwa kadi hizo. Msanidi anayejulikana kwa jina la Calamity alitengeneza kwa ajili ya Windows draiva ya kilohezi 15 iitwayo CRT Emudriver, na kwa kadi hizo hakuweza kuijenga juu ya toleo jipya kuliko hilo lililoganda, kwa kuwa halikuwapo. Kwenye Linux kadi hizohizo ziliendelea kupokea marekebisho mwaka baada ya mwaka ndani ya kerneli. Hapo ndipo Switchres, programu inayokokotoa mstari wa modi kwa kila mchezo, na GroovyMAME inayoitumia, zilipopata ardhi ya kudumu, pamoja na GroovyArcade, mfumo kamili wa Linux uliotengwa kwa kazi hiyo. Upande wa NVIDIA unaonyesha sura ya pili ya jambo hili. Tawi la 340 la draiva yake funge, lililohudumia kadi za kuanzia GeForce 8, lilifikia mwisho wa huduma mwishoni mwa 2019, na tawi la 390 mwishoni mwa 2022. Baada ya hapo kerneli mpya inapobadilika, draiva hukataa kujengwa, na mwenye kadi hana msimbo kamili wa kurekebisha. Kadi ni nzima, mlango wake ndio umefungwa.

Linux nayo haina mikono misafi kabisa. Mwaka 2009 kerneli ilianza kuchukua yenyewe kazi ya kupanga modi za skrini. Kadi za Intel zilitangulia, za Radeon zikafuata mwaka huohuo. Sababu zilikuwa nzuri na ninaziunga mkono. Kabla ya hapo programu ya madirisha ilihitaji haki za mtumiaji mkuu, kerneli haikujua hali ya kadi, na kompyuta ikiamka usingizini picha ilipotea. Ila kerneli iliyochukua mamlaka ilikuja pia na imani yake juu ya skrini: kwamba skrini hujitambulisha. Tangu katikati ya miaka ya 1990 skrini za kompyuta hubeba kumbukumbu ndogo, EDID, inayotaja kasi zinazokubalika. Skrini ya akedi haina kitu hicho. Kerneli isipopata jibu, ama huliona tundu kuwa tupu na kulizima, ama hukisia modi ya 1024 kwa 768, ambayo mistari yake hukimbia kwa kilohezi 48 hivi, zaidi ya mara tatu ya uwezo wa skrini ile. Giza la kadi ya zamani mara nyingi linatoka hapa. Dawa ilipatikana kwa awamu: kuanzia 2012 kerneli inaweza kupewa faili la EDID lililoandikwa na mtumiaji kana kwamba limetoka kwenye skrini yenyewe, na kigezo cha video kwenye mstari wa kuwashia hulilazimisha tundu kuwa wazi. Watu wa GroovyArcade wakaongeza viraka vyao ili hata maandishi ya kuwashia yatoke kwa kilohezi 15.

Tabaka za juu zina tarehe zake. Chipu za Radeon huhitaji misimbo midogo ya kiwandani ipakiwe wakati wa kuwasha, na misimbo hiyo iliondolewa ndani ya kerneli ikawekwa kwenye kifurushi cha pembeni. Kwa miaka mingi Debian haikukijumuisha kifurushi hicho kwenye kisakinishi chake rasmi, kwa kuwa si programu huria. Toleo la 12 la mwaka 2023 ndilo lililokiingiza. Aliyeweka Debian ya awali kwenye kadi ya zamani na kuona picha ikitambaa, au isitokee kabisa, alikosa faili moja tu, na jina la faili hilo huandikwa waziwazi katika kumbukumbu za kerneli. Kisha ukaja mwaka 2022. Mesa, mkusanyiko wa draiva za michoro ya pande tatu, uliziondoa draiva za mtindo wa kale katika toleo la 22.0, ikiwamo ile iliyofadhiliwa na Weather Channel, na kuzihamishia kwenye tawi la pembeni liitwalo Amber. Wengi walitangaza kwamba Radeon 9250 imekufa kwenye Linux. Haikuwa kweli. Kilichoondoka ni OpenGL, njia ya kuchora michoro ya pande tatu. Kupanga modi kulibaki ndani ya kerneli, na hicho ndicho mchezo wa akedi unachokihitaji kuliko vyote. Aliyekuwa ameiwekea MAME itumie OpenGL aliona kasi ikiporomoka, akalaumu kadi, wakati kubadili njia ya kutoa picha kungemaliza shauri. Kuyatofautisha matabaka haya ndiko kunakookoa kadi.

Wapo wanaosema kwa nguvu kwamba juhudi hizi zimepitwa na wakati. Skrini bapa za leo zenye kasi inayobadilika zinaweza kuchora picha 55.018 kwa sekunde bila kurudia hata moja, na vichujio vya programu huiga mistari na mng'ao wa kioo cha chogo. Hoja hii nzito inastahili kukubaliwa nusu yake: kwa tatizo la mwendo wa kushtuka, skrini ya kasi inayobadilika ni dawa halisi, na anayeanza leo bila skrini ya chogo hana haja ya kuitafuta kadi ya 2004. Lakini kichujio hakibadili jinsi mwanga unavyofika. Kwenye chogo kila nukta huwaka kwa kitambo kifupi sana na kuzima kabla ya picha inayofuata, na jicho likifuata kitu kinachokimbia hukiona kikali. Skrini bapa ya kawaida huishikilia picha mpaka inayofuata ifike, na kitu hichohicho huonekana kimefifia kingo. Isitoshe, makabati yenyewe bado yapo. Mwenye kabati zima lenye skrini yake hajitafutii mfano wa kitu. Anataka kitu alicho nacho kiendelee kufanya kazi. Wakimwambia atumie adapta ya HDMI, watakuwa wamesahau kwamba HDMI haikubali saa iliyo chini ya megahezi 25, na bodi ya Capcom ilitumia 8. Njia ya kupita ipo, nayo ni kunyoosha upana wa picha mara nne ili saa ifike 32, lakini hapo tena anahitaji draiva inayomruhusu kuandika modi isiyo ya kawaida. Swali la mamlaka linarudi palepale.

Hoja nyingine inatoka kwa wasanidi wa kerneli na Mesa, na ni ya watu wanaobeba mzigo. Msimbo wa kadi za miaka ishirini unapaswa kujaribiwa kila mambo ya ndani yanapobadilika, wanaomiliki kadi hizo ni wachache, na saa za kazi ni za kujitolea au za mwajiri asiye na maslahi nazo. Ni kweli, na kuwadai wautunze milele kwa ajili ya michezo si haki. Ninachosema ni kwamba njia ya kustaafisha ina uzito kuliko umri. Mesa ilipoihamisha draiva ya kale kwenye Amber, iliuacha msimbo mahali ambapo yeyote mwenye haja anaweza kuujenga. Draiva funge ikistaafishwa, huondoka na maarifa yake yote. Tofauti hiyo haionekani siku ya kununua kadi. Inaonekana miaka kumi na tano baadaye, kadi ikiwa bado inapumua.

Upande wa vifaa nao ulifunga milango yake. Desemba 2010 Intel, AMD na watengenezaji kadhaa wa skrini na kompyuta walitangaza nia ya kuachana na tundu la VGA ifikapo 2015. Radeon R9 290 ya mwishoni mwa 2013 ilitoka bila analojia kabisa. NVIDIA ilifuata mwaka 2016 na kizazi cha GTX 1080. Kadi za AMD za miaka hiyo zilizobaki na analojia ni miongoni mwa za mwisho zinazotoa ishara ya chogo bila kigeuzi, na baadhi yake ziko kwenye mpaka wa draiva mbili: radeon ya zamani na amdgpu mpya. Linux 4.15 ya mwanzoni mwa 2018 iliipa draiva ya amdgpu sehemu mpya ya kusimamia skrini, iliyoandikwa kwa ajili ya dunia ya kidijitali: haikuhudumia matundu ya analojia, wala haikuruhusu modi za mistari ya kupishana, ambazo skrini ya kilohezi 15 huzihitaji ili kuonyesha ukurasa wa 640 kwa 480. Viraka vya kuirudishia analojia viliandikwa mwaka 2025. Kadi za kizazi cha kwanza cha usanifu wa GCN wa AMD, kama nyingi za mfululizo wa HD 7000 wa mwaka 2012, zinaweza kuendeshwa na amdgpu au na radeon, na uchaguzi hufanywa kwa vigezo vya si_support wakati wa kuwasha. Mwenye kadi hiyo anayeona giza baada ya kupandisha kerneli aanzie hapo, aangalie ni draiva ipi imeishika kadi kabla ya kununua nyingine. Akihitaji mistari ya kupishana, radeon bado imo ndani ya kerneli.